Bima Nafuu ya Mama Breki

Wanafunzi wake ndio waliompa jina hilo, naye hakulikataa. Alikuwa mwalimu wa udereva mwenye gari moja dogo la rangi ya maziwa, lina herufi L nyekundu mbele na nyuma. Upande wa abiria, chini miguuni pake, fundi alikuwa amemfungia pedeli ya pili ya breki. Kazi yake yote ilikuwa hapo: mguu umening'inia juu ya ile pedeli, macho mawili yanafanya kazi ya manne, na mdomo uko tayari. "Breki! Breki, mama! Huo mti hautakupisha!" Watu wa mtaani walikuwa wakimsikia akipita wanaambiana, "Mama Breki huyo, leo kapata kondoo mwingine."

Ungedhani mtu anayeshinda karibu na watu wasiojua kuendesha ni mtu wa kutetemeka. Wapi! Wanafunzi walishamtumbukiza mtaroni, walishamwingiza kwenye ua wa watu, na mmoja aliwahi kufumba macho katikati ya njia panda akaanza kusali. Mama Breki alikanyaga pedeli yake, gari likasimama, akamwambia taratibu, "Amina. Sasa fumbua, na wewe usaidie."

Kwa hiyo woga ulipomjia, ulimkuta hajajifunza kuishi nao.

Ulianza na simu. Mwaka uliotangulia, mwanafunzi mmoja muuza miwani alikosea pedeli akavunja kioo cha duka la dawa. Bima ililipa, mambo yakaisha, au ndivyo alivyodhani. Bima ilipokaribia kumalizika muda, dada mmoja wa kampuni alimpigia kumpa bei ya mwaka mpya. Mama Breki alidhani mtandao unakatakata.

"Samahani dada, rudia."

Dada akarudia. Bei ilikuwa imeruka zaidi ya mara mbili.

"Kwa kioo kimoja?"

"Si kioo, mama. Ni gari la kufundishia ambalo limeshadai fidia. Kwetu hilo ni gari la hatari."

Alikata simu akaliangalia gari lake pale uani, limetulia kama mbuzi aliyeshiba. Gari la hatari. Ndani ya nyumba mumewe alikuwa akimenya viazi, amekaa kwenye kiti kigumu alichoagizwa na daktari. Alikuwa mpaka rangi majumba hadi siku aliyoteleza kwenye ngazi, na tangu hapo mgongo wake uligoma kazi yoyote ya kuinama au kunyoosha mikono. Gari lile ndilo lilikuwa shamba lao. Likilala, jiko nalo linalala.

"Nani alipiga?" mumewe aliuliza.

"Watu wa bima. Wanakumbusha tu," alijibu, na hapo ndipo alipoanza kuficha.

Akaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza ilikuwa ghorofani, ina zulia na ubaridi wa mashine, na ofisa mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole. Aliuliza gari ni la mwaka gani, injini ukubwa gani, linalala wapi. Bei iliyotokea kwenye kompyuta ilikuwa nzuri, Mama Breki akaanza kupumua. Kisha ofisa akauliza, "Na matumizi yake?"

"La kufundishia udereva."

Vidole vya ofisa vikasimama. "Aa. Hapo hesabu inabadilika, mama." Ilibadilika kweli, na haikubadilika kidogo.

Kampuni nyingine aliijaribu kwa simu. Bei yao ilikuwa ya kushangaza kwa unafuu, lakini biashara ilikuwa imemfundisha kwamba rahisi huvunja upishi, akaomba asomewe masharti. Sauti ikasoma, ikasoma, ikafika mahali iliposema bima haimhusu dereva asiye na leseni kamili.

"Baba, hebu simama hapo. Wote wanaoendesha gari langu hawana leseni kamili. Wangekuwa nayo, wangenifuata mimi kufanya nini?"

Sauti ilicheka, ikaomba radhi kwa kucheka, ikasema pole.

Akauliza bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga tu na gari lako ukalia nalo mwenyewe. Kwa gari la L, hata hiyo ndogo ilikuwa kubwa. Kila alikotoka, bei zilikuwa zinamfuata kichwani zikizozana. Usiku na mchana hesabu ile ile, na jibu ni lile lile. Siku zilikuwa zinakwenda, na kila alipomwona askari wa barabarani alikata kona ya karibu, ijapokuwa bima yake ilikuwa bado hai.

Ndipo alipomwambia shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza viatu. Huyu alikuwa mtu anayejua mlango wa nyuma wa kila nyumba. Alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu ya darasa la kwanza.

"Shemeji, hizo ofisi wewe uliwaambia gari ni la kufundishia?"

"Niseme nini sasa?"

"Sema ni lako. Si lako? Huendi nalo sokoni? Huendi nalo msibani? Basi ni matumizi binafsi. Wenye teksi wangapi wanafanya hivyo?"

"Na wakijua?"

"Nani atawaambia? Shemeji, woga wako ndio umaskini wako."

Alimpeleka kwa wakala mmoja mwenye chumba chembamba juu ya saluni, kinanuka dawa ya nywele na nyama ya jana. Wakala hakushuka hata kuliangalia gari. Aliuliza jina, namba ya gari, akaandika "matumizi binafsi" kabla Mama Breki hajafungua mdomo, akamsogezea kalamu. Bei ilikuwa robo ya zile za ghorofani. Mama Breki aliishika kalamu akamtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa anaangalia dirishani, anapiga mluzi. Akatia sahihi.

Stika mpya iling'aa kwenye kioo cha gari. Mumewe alitoka nje polepole, mkono kiunoni, akaisifu. "Kumbe umepata. Wewe mwanamke ni jembe." Mama Breki akasema ahsante, na chakula cha mchana kikamshinda.

Tangu siku hiyo hakuwa mwalimu yule. Mguu wake ulikuwa unakanyaga breki kabla ya hatari kutokea, wakati mwingine kabla hata ya barabara kutokea. Wanafunzi walikuwa wanarushwa mbele, vifua vinakutana na mikanda. "Mwalimu, nimekosea nini?" wanauliza. "Hujakosea. Endelea." Njia ya sokoni aliiacha kwa sababu ya watu wengi. Njia ya shule akaiacha kwa sababu ya watoto. Ikabaki kuzunguka uwanja wa mpira, mpaka mwanafunzi mmoja akamwuliza kama leseni atakayopewa itakuwa ya uwanja wa mpira tu.

Siku moja walisimamishwa na askari. Aliinama, akaitazama stika ya bima, akaitazama tena. Mama Breki aliona tone la jasho likidondoka kutoka kidevuni mwake mwenyewe na kuangukia goti.

"Bima iko hai," askari akasema. "Nendeni salama."

Hakusoma zaidi ya tarehe. Angeshukuru, lakini hakushukuru. Aliwaza: huyu amesoma tarehe tu kwa sababu hakuna aliyeumia. Akiumia mtu, watasoma yote. Wazo hilo liliingia na kukaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwapo mama mmoja muoka mikate, mpole, mwenye mikono iliyojaa nguvu kwa kukanda unga. Alikuwa ameshanunua gari kuukuu la kusambazia mikate, likawa linamsubiri chini ya turubai. Mtihani wake ulikaribia, na kitu kimoja alikuwa bado hakijui: kuondoka mlimani, gari likiwa limesimama katikati ya mteremko. Kila alipouliza, mwalimu wake alisema kesho.

"Mwalimu," akamwambia alasiri moja, "kesho zimekwisha. Nitaanguka mtihani kwa mlima ambao sijawahi hata kuuona."

Mama Breki akafunga mkanda. Wakaenda.

Mlima wenyewe haukuwa mkali. Ulikuwa ule wa kwenda kwenye tangi la maji, lami upande mmoja, mfereji upande wa pili, na maduka machache ya vifaa vya ujenzi. Walisimama katikati. Mama Breki akashusha pumzi. "Haya. Breki ya mkono iko juu. Klachi, inyanyue nusu. Mafuta kidogo. Sikiliza injini, itabadilisha sauti. Ikibadilisha, ndipo ushushe breki ya mkono. Usiharakishe."

Muoka mikate aliuma mdomo akaanza. Wakati huo huo, kule juu ya mlima, Mama Breki akaona nguo nyeupe. Askari wa barabarani alikuwa ametoka dukani na chupa ya maji mkononi, anateremka kwa miguu kuelekea kwao. Macho yake yakanasa pale. Anakuja kwetu? Atauliza? Leo atasoma yote? Alikuwa akimwangalia askari, hakuiangalia breki ya mkono ikishushwa mapema. Hakuisikia injini ikizimika. Alichohisi ni dunia kuanza kurudi nyuma.

"Mwalimu!"

Mguu ukakanyaga. Ukakanyaga kwa nguvu zote, lakini ulikuwa umechelewa kwa pumzi moja, na pumzi hiyo ilitosha. Nyuma yao palisikika mshindo, kisha kelele za mabomba ya chuma yakibingirika kwenye lami kushuka mlima, moja baada ya jingine, kama kengele zisizotaka kunyamaza. Na katikati ya kelele hizo, sauti ya mtu.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofungua mlango. Fundi bomba mmoja alikuwa amelala ubavu, pikipiki juu yake, mguu wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi. "Msinivute!" alikuwa analia. "Msinivute, mguu wangu!" Watu wa madukani walikuja mbio, wakainua pikipiki, mwingine akakimbilia gari la kumpeleka hospitali. Askari naye alifika mbio, akatupa chupa ya maji, akapiga magoti kando ya majeruhi.

Mama Breki alisogea kando ya mfereji. Vidole vyake vilipiga simu vyenyewe.

"Shemeji, nimeumiza mtu."

"Amekufa?"

"Mguu. Mguu umevunjika."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mwanafunzi."

Shemeji akaongea kwa haraka na kwa sauti ya chini. "Hapana. Ulikuwa wewe. Unanisikia? Wewe na rafiki yako mlikuwa mnakwenda zenu. Ng'oa hizo L sasa hivi, zitupe mferejini. Ukisema mwanafunzi, huna bima, una deni la maisha na jela juu. Shemeji, fikiria mgongo wa kaka."

Alipogeuka, muoka mikate alikuwa amesimama nyuma yake, machozi na makamasi, lakini masikio yake yalikuwa yamesikia. "Mwalimu," akanong'ona, "ukisema ulikuwa wewe, mimi nilikuwa abiria. Sitakukana."

Basi askari akainuka, akapangusa magoti, akawajia.

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

Mama Breki alimwona mumewe akilini kwenye kile kiti kigumu. Aliona gari likivutwa kwa mnyororo. Alimwona yule fundi akinyanyuliwa na wanaume wanne kuingizwa kwenye gari la mtu, kichwa kimelala nyuma, na akawaza, watu wa bima wakinikataa mimi, huyu atalipwa na nani? Kisha akamwona muoka mikate, midomo yake ikijipanga kusema uongo ambao ingembidi auseme tena kituoni, na mahakamani, na kila wanapokutana njiani, mpaka wazeeke.

Watu baadaye walimsifu kwa ujasiri. Yeye aliwakatalia. Alisema hakuwa na ujasiri hata wa kusimama. Ila ule uongo wa kwanza ulikuwa umeshamla hadi mfupa, na hakubaki na nyama ya kuulisha wa pili.

"Mwanafunzi wangu, afande," alisema. "Na breki ya pili ni yangu. Sikuikanyaga kwa wakati. Na bima, bima niliandikisha matumizi binafsi."

Askari akatoa daftari. "Hilo la bima sikukuuliza, mama."

"Najua."

Yaliyofuata yalikuwa ya kusubiri tu, na kusubiri ndiko kulikomtisha kuliko yote. Gari lilishikiliwa kituoni. Nyumbani alimweleza mumewe kila kitu, tangu simu ya kwanza. Mumewe alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kiti. Alichouliza ni kimoja: "Miezi yote hii ulikuwa unaogopa peke yako?" Mama Breki akalia kwa mara ya kwanza.

Kampuni ya bima ilimwita. Mwanamke mmoja mwenye miwani alikuwa na faili mbele yake, akasoma bila haraka, huku Mama Breki akihesabu vigae vya sakafu na kupotea, akianza upya.

"Ulitudanganya, mama."

"Ndiyo."

"Wakala wetu naye tutashughulika naye. Sasa sikiliza. Fundi tutamlipa, kwa sababu yeye hakumdanganya mtu. Gari lako hatuligusi. Na kile tutakachomlipa fundi, tutakudai wewe, kidogo kidogo."

Alitoka pale hajui kama alie au ashukuru. Deni alilijua lina uso gani. Kilichokuwa kikimkosesha pumzi ni ule mguu kukosa daktari, na sasa ulikuwa na daktari. Mahakama ilimtoza faini, ikamzuia kufundisha kwa miezi kadhaa. Miezi hiyo aliipitisha akimsaidia muoka mikate kupanga mikate alfajiri, wanawake wawili wasiozungumzia kabisa mlima ule. Muoka mikate hakurudi tena kwenye usukani. Lile gari lake akaliajiria dereva.

Shemeji alipotea. Alipojitokeza, alileta viatu vipya vya kaka yake, vya saizi isiyo yake, akakaa ukingoni mwa kochi kama mdaiwa. Hakuomba radhi, lakini alikula kimya, na kwa mtu yule kimya ndicho kilikuwa ombi la msamaha.

Muda wa zuio ulipokaribia kuisha, Mama Breki alipanda tena ghorofani kwa yule ofisa wa makamo. Alimsimulia yote kabla hajaulizwa. Ofisa akaegemea kiti.

"Mama, wewe peke yako, kwa kompyuta hii, ni mzigo. Gari moja, ajali mbili. Lakini hapa mjini hakuna walimu wengine wa udereva?"

"Wapo. Washindani wangu."

"Wangapi wana gari moja moja kama wewe? Mkija pamoja, hatari inagawanyika."

Hilo hakuwa amelifikiria. Kwa miaka walikuwa wakiibiana wanafunzi na kusemana vibaya kwenye foleni ya mtihani. Alimfuata mmoja, mzee waliyemwita Profesa kwa vile alifundisha kwa chaki kabla ya kumruhusu mtu kugusa gari, akamkuta naye bei za bima zimemnyima raha. Wakampata wa tatu, mwanamke aliyekuwa anaendesha bila bima kabisa na anayetembelea njia za uchochoroni tu. Alipoambiwa shida ya wenzake, alikaa chini barabarani pale pale. "Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema.

Wakaingia watatu kwenye mkataba mmoja: magari ya kufundishia, wanafunzi wenye leseni za kujifunzia wamo, magari yakaguliwe mara kwa mara, na kila ajali mwenye gari abebe sehemu ya kwanza ya hasara. Haikuwa bei ya wakala wa juu ya saluni. Lakini ilibebeka. Mama Breki alimtaka ofisa asome kila mstari kwa sauti, na palipomtatiza alimrudisha, mpaka watu wa kwenye foleni wakaanza kuguna.

Kilichobaki ni fundi bomba. Alikuwa amemtembelea hospitalini siku za mwanzo, lakini fundi alikuwa usingizini kwa dawa. Kwenda nyumbani kwake kulimwogopesha kuliko mahakama. Alikwenda hivyo hivyo, na mikate miwili kwenye mfuko. Mke wa fundi alimfungulia, akamtazama, akasogea kando bila kumkaribisha kwa mdomo.

Fundi alikuwa amekaa, mguu juu ya stuli, vyuma alivyofungwa vimetoka lakini kifundo hakikunjiki. Kuchuchumaa chini ya sinki, alisema, basi tena. Kazi anawapa vijana, yeye anaelekeza. Walizungumza habari za mvua, za bei ya mabomba. Kisha akamkatiza.

"Mwalimu. Kama ningekufa pale pale, ungesema ukweli?"

Mama Breki alifungua mdomo. Jibu zuri lilikuwepo, lilikuwa karibu, rahisi. Akalitafuta la kweli na kuona giza.

"Sijui, kaka," alisema.

Mke wa fundi alisimama mlangoni, sinia la chai mikononi, hasogei.

"Ungesema ndiyo, ningekufukuza," fundi akasema hatimaye. Akamwashiria mkewe ampe mgeni chai. Akausogeza mguu wake kwa mikono miwili, taratibu, akauliza, "Pikipiki siwezi tena. Hilo gari lako, mtu mwenye mguu kama huu anaweza kujifunza?"

Mlima ule ulimrudia Mama Breki.

"Anaweza," alisema, akakiweka kikombe mezani, akainama kuuangalia.